Tanuri Kuukuu la Umeme Nyumbani kwa Askari

Umeme haukuchelewa kufika Tororo. Bwawa la Owen Falls huko Jinja, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na nyaya zake zikaelekea mashariki. Kuanzia mwaka 1958 zikavuka mpaka na kupeleka nguvu hiyo Kenya. Si ajabu basi kwamba katika baadhi ya nyumba za zamani za mji huo bado yapo majiko ya umeme ya chuma kizito, yenye tanuri chini yake, yaliyodumu kuliko waliyoyanunua. Mengine hupatikana Busia, katika biashara ya mitumba, na kuingia katika nyumba za askari ambao jamaa zao huoka mikate na keki za kuuza. Tanuri likifa, kipato hupungua siku hiyo hiyo, na hapo ndipo mwenye nyumba hushika bisibisi.

Hatumkatazi. Kazi nyingi za tanuri ni nyepesi kwa mtu mwenye utulivu. Lakini ndugu zetu askari wanajua jambo moja kuliko raia: hakuna asafishaye bunduki kabla ya kuhakikisha kwamba chemba haina risasi. Umeme nao wataka nidhamu hiyo hiyo. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi, kwani katika nyumba kuukuu huenda iliungwa kinyume, ikakata waya usio na moto na kuuacha wenye moto ukingoja mkono wa mtu. Hapana budi kuzima swichi kuu, kung'oa fyuzi ya jiko na kuitia mfukoni, ili mtoto au mgeni asije akairudisha. Kisha tesita ijaribiwe kwanza mahali penye umeme, halafu kwenye tanuri, halafu tena pale pa kwanza. Tesita iliyokufa husema kila kitu ni salama.

Rangi za nyaya pia huwapotosha wengi. Katika nyaya za zamani, nyekundu ndiyo yenye moto, nyeusi ni nyutro, na kijani ni ya ardhi. Katika nyaya mpya, kahawia ina moto, buluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa manjano ni ya ardhi. Jiko la zamani likiungwa kwa waya mpya, rangi zote hukutana katika kisanduku kimoja. Chora karatasini jinsi ulivyozikuta kabla hujalegeza skrubu hata moja.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Tanuri lisilopata moto kabisa mara nyingi lina koili iliyokatika. Koili ya wati 2,000 kwa umeme wa volti 240 hutumia ampea 8 na kidogo, na ukinzani wake huwa karibu omu 29. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, koili imekufa, nayo haiungwi bali hubadilishwa. Kwa kuwa Uganda na Kenya hutumia umeme wa volti 240 majumbani, koili iliyonunuliwa upande wowote wa mpaka itafaa, mradi wati na umbo vilingane, na iwe na alama ya shirika la viwango la nchi husika. Kama koili ni nzima, tazama viungio vyake. Skrubu iliyolegea hupata joto, waya hugeuka mweusi na kukatika kama unyasi. Kata sehemu iliyoungua, ufunge upya kwa waya wa kustahimili joto. Teipu ya plastiki ndani ya tanuri ni upuuzi. Itayeyuka kabla mkate haujaumuka.

Lipo tatizo jingine ambalo twaliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote. Ndani ya koili, waya umezungukwa na unga mweupe wa magnesia, na unga huo hunyonya unyevu kama chumvi. Tanuri likikaa miezi bila kutumika wakati wa masika, umeme huanza kuvuja kidogo kwenda kwenye bati lake, na swichi ya usalama hukata kila liwashwapo. Hapo hutokea fundi wa njiani, akaukata waya wa ardhi, swichi ikatulia, akalipwa na kwenda zake. Ugonjwa haukupona, kilichokatwa ni ulimi wa mlinzi. Tangu saa hiyo bati lote laweza kuwa na umeme, na mama mwenye mikono iliyolowa, amesimama pekupeku juu ya sakafu ya saruji, ndiye atakayekuwa waya wa ardhi. Dawa ya halali ni kuitoa koili, kuikausha saa chache katika tanuri jingine zima kwa moto mdogo, na kumwomba fundi aipime kwa chombo chake cha volti 500. Ikikataa, nunua nyingine.

Fyuzi isibadilishwe kwa msumari wala kwa waya mnene. Nyuzi za asbesto zilizozungushwa mlangoni mwa majiko ya kale zisikwaruzwe, kwa maana vumbi lake huharibu mapafu. Na tanuri la mikrowevu lisifunguliwe na asiye fundi, kwani hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Tororo ina shauri lake la pekee. Kati ya mwaka 1967 na 1976 mji huo ulihesabiwa kuwa na siku 251 za ngurumo kwa wastani kila mwaka, hesabu iliyoupa sifa duniani. Wingu likijikusanya juu ya ule Mwamba, weka bisibisi chini, hata kama afande mwenye nyumba ana haraka ya chai.

Kazi ya nyaya zilizomo ukutani ni ya fundi mwenye kibali, kutoka mamlaka ya kudhibiti umeme ya Uganda au ile ya nishati ya Kenya, kwa kadiri ya upande unaokaa. Nyumba ikiwa ya serikali, mkuu wa kambi aarifiwe kwanza.

Baada ya matengenezo, hakikisha kwa mita kwamba bati la tanuri limeungana na waya wa ardhi. Rudisha fyuzi, fungua madirisha, uliwashe tupu kwa muda wa saa moja. Koili mpya hutoa moshi kidogo na harufu ya mafuta. Moshi ukiendelea, au swichi ikikata, zima na umwite fundi. Kama yote yametulia, unga uanze kukandwa.