Magazini ya Bunduki ya 22: Si Springi Inayochoka

Mlinzi wa zamu katika ghala, kiwanda au shamba ni mfanyakazi kama sisi wengine. Akikabidhiwa bunduki ndogo ya 22, iwe ya kulinda mlango wa ghala mjini Arua au ya kufukuza nyani katika shamba la Koboko, bunduki hiyo ni chombo chake cha kazi kama jembe lilivyo chombo cha mkulima wa tumbaku. Ikikwama, hatari ni yake, na mara nyingi lawama nazo humwangukia yeye.

Swali linaloulizwa na walinzi wengi ni hili: je, magazini ikiachwa imejazwa risasi usiku kucha, au hata mwezi mzima, springi yake italegea na bunduki kukwama? Wengi huamini kwamba ndivyo. Ni vema tuelezane ukweli wa jambo hili.

SPRINGI HUCHOKA KWA NINI?

Tuchukue mfano wa lori. Lori lililopakiwa mzigo wa kadiri likisimama wiki nzima mpakani Vurra kungoja karatasi, springi zake hazivunjiki kwa kusimama huko. Zinavunjwa na mashimo ya barabara, mzigo uliopita kiasi, na kutu. Springi ya magazini ni hivyo hivyo. Ikiwa imetengenezwa kwa chuma kizuri, na imebanwa bila kupita kiwango chake, kubanwa peke yake huipunguzia nguvu kidogo sana. Kinachoichosha ni kubanwa na kuachiliwa mara nyingi, kushindiliwa kupita kiasi, na kutu. Kwa hiyo magazini ya risasi 10 isishindiliwe risasi ya 11.

KWA NINI BASI HUKWAMA?

Sababu kubwa imo katika umbo la risasi yenyewe. Risasi za bunduki kubwa huwa na kidonge cha baruti ya kuwashia katikati ya kitako. Risasi ya 22 haina kidonge hicho. Baruti yake ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki hupiga ukingoni. Mfaransa Louis Flobert alitengeneza risasi za namna hii mwaka 1845. Ile tunayoiona zaidi leo, .22 Long Rifle, ilitolewa na kampuni ya J. Stevens ya Marekani katika miaka ya 1880.

Ukingo huo umetokeza nje kuliko ganda. Risasi zikipangwa moja juu ya nyingine, ukingo wa risasi ya juu lazima uwe mbele ya ukingo wa ile ya chini. Ukiwa nyuma yake, bolti ikisukuma risasi ya juu, ukingo hunasa na bunduki hukwama. Jaza risasi moja moja, bila haraka, ukitazama kila ukingo umekaa wapi. Mwaka 1964 kampuni ya Ruger ya Marekani ilitoa bunduki ya 22 yenye magazini ya kuzunguka, ambayo kila risasi hukaa katika nafasi yake peke yake, ili kingo zisinasane.

Sababu ya pili ni uchafu. Kichwa cha risasi nyingi za 22 ni madini laini ya risasi yaliyopakwa nta, na nta hushika vumbi. Kila mtu wa West Nile anajua vumbi la kiangazi, kuanzia Desemba hadi mvua zirudi. Vumbi hilo likichanganyika na nta na masizi ya baruti huwa kama matope ndani ya magazini, na kibao kinachoinua risasi hushindwa kupanda upesi.

Sababu ya tatu ni midomo ya magazini, yaani zile kingo mbili za juu zinazoshika risasi. Magazini ikiangushwa juu ya saruji, midomo hupinda kidogo tu, nawe usione. Lakini risasi hutoka kwa pembe isiyofaa. Magazini ya plastiki hafifu huweza kutanuka midomo ikikaa imejaa pomoni mahali penye joto kali. Kwa magazini ya namna hiyo, punguza risasi moja au mbili.

Sababu ya nne ni oili nyingi. Oili hukamata vumbi, na ikipenya ndani ya ganda huharibu baruti. Safisha kwa kitambaa kikavu, acha utando mwembamba tu kwenye springi kuzuia kutu, na risasi zenyewe usizipake kitu. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana madini ya risasi ni sumu.

IKIKWAMA UFANYEJE?

Elekeza mtutu mahali pasipo mtu. Ikiwa umefyatua na haikulia, ngoja nusu dakika hivyo hivyo, kwani risasi huweza kuchelewa kuwaka. Kisha toa magazini kwanza, ndipo ufungue bolti na kutazama chemba. Usichokoe risasi kwa kisu wala msumari: ukingo ukibanwa, risasi huweza kulipuka mkononi.

ITUNZWEJE?

Tumesema springi haidhuriwi na kukaa imejazwa. Lakini zamu ikiisha, magazini itolewe risasi, kwa sababu ya usalama wa watu. Bunduki ifungiwe tupu, na risasi zifungiwe mbali nayo, pakavu. Mtoto au mlevi akiipata bunduki pamoja na magazini iliyojaa, hakuna atakayeuliza habari za springi.

Watu wa West Nile hawana haja ya kufundishwa madhara ya bunduki. Vita vya 1979 na miaka iliyofuata viliwakimbiza wengi hadi Zaire na Sudan, na amani na kundi la UNRF II ilitiwa sahihi Yumbe mnamo Desemba 2002 tu. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 yakataza mtu kuwa na bunduki bila cheti. Nao mkataba wa Nairobi wa mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, ambao Uganda ilitia sahihi, wataka silaha zitiwe alama na zihifadhiwe salama.

Kwa hiyo mlinzi asikubali kupokea bunduki gizani. Aikague mbele ya msimamizi: midomo ya magazini, springi, idadi ya risasi. Kasoro yoyote iandikwe katika daftari la zamu, na wote wawili watie sahihi. Mwajiri naye ana wajibu wa kutoa risasi safi, kabati lenye kufuli, na mafunzo. Bunduki ikikwama usiku, daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama mlinzi alizembea, au alikabidhiwa chombo kibovu.