ULIZA KABLA YA DRIPU YA KWANZA



Katika mikutano yetu tunadai mishahara, nyumba, viatu vya mpira, hata vyoo. Jambo moja hatulitaji kwa sababu ya haya: kijana aliyepatwa na kansa, je, akipona ataweza kuzaa?

Hapa Uganda mgonjwa wa kansa kutoka mashamba ya miwa au chai hupelekwa Taasisi ya Kansa, Mulago, iliyoanza mwaka 1967 kwa kutibu uvimbe wa taya wa watoto. Dawa moja iliyowasaidia watoto wale ni saiklofosfamaidi, na inatumika hadi leo. Hupiga kansa, lakini yaweza pia kuharibu mbegu za mwanamume na mayai ya mwanamke. Mionzi ya nyonga, wanayopewa akina mama wenye kansa ya mlango wa kizazi, huharibu pia. Si dawa zote zilizo hivyo, na mgonjwa hawezi kujua yake ni ipi asipouliza.

Aulize kabla ya dripu ya kwanza. Kwa mwanamume kazi ni ndogo: hutoa mbegu katika chombo, zikagandishwa kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, zikakaa miaka mingi. Mwanamke huchomwa sindano kwa muda wa wiki mbili hivi ndipo mayai yatolewe, na kuna kansa isiyongoja wiki mbili.

Wako wanaosema mgonjwa ashukuru uhai, habari ya watoto ni baadaye. Mimi sikubali. Baadaye hakuna cha kugandisha! Huko Marekani chama cha madaktari wa kansa kiliagiza tangu mwaka 2006 kwamba mgonjwa wa umri wa kuzaa aelezwe mapema.

Kazi hii hufanywa Kampala katika hospitali za binafsi, kwa bei asiyoiweza mkata miwa. Basi tuidai katika mkataba wa pamoja: mwajiri achangie gharama, na siku za safari zilipwe. Daktari wa kampuni naye aandike katika barua ya rufaa kwamba mgonjwa ameelezwa. Anayeona haya, mwakilishi wa tawi amsindikize. Kwa mama, aende mwakilishi mwanamke.

Tena, aliye katika matibabu asijidhani tasa akaacha kinga. Mimba yaweza kuingia, na dawa hizo humdhuru mtoto tumboni.