Tusizidharau kwato za ng'ombe wetu

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii hufundishwa shuleni, na wanafunzi wengi huieleza vyema katika insha zao. Ni wachache, hata hivyo, wanaokumbuka kwamba mguu huo waweza kuwa wa ng'ombe. Katika Kitui na Makueni zimo nyumba ambazo maziwa ya ng'ombe mmoja au wawili ndiyo hulipa karo. Katika nyumba kama hizo, ng'ombe anayechechemea si jambo la kupuuzwa. Mnyama mwenye maumivu miguuni hula kidogo, hulala sana, na maziwa yake hupungua siku baada ya siku.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa isimu ana nini na kwato? Ninalo la kusema, lakini kwanza na tuutazame ugonjwa wenyewe.

Ng'ombe wa kienyeji wa Mutomo au Kibwezi hutembea mwendo mrefu juu ya changarawe akitafuta malisho na maji. Ukwato wake hukua na kulika kwa kadiri moja. Ng'ombe wa gredi anayefugwa zizini katika vilima vya Mbooni na Kilungu haendi popote. Ukwato wake hukua takriban milimita 5 kila mwezi, na kwa kuwa haupati ardhi ya kuusugua, ncha yake hurefuka na uzito wa mnyama huelemea kisigino. Hapo ndipo vidonda huanza, hasa katika ukwato wa nje wa mguu wa nyuma, ambao hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Wapo wasemao kwamba maradhi haya ni ya nchi za matope, wala si ya nchi kame kama Ukambani. Hoja hiyo haina mashiko. Zizi lisilosafishwa lina masika yake lenyewe: mkojo na samadi hulainisha ukwato mwaka mzima, na viini vya uozo hupenya katikati ya kwato. Ukame nao una hila yake. Nyasi zinapokwisha, mfugaji hushawishika kuziba pengo kwa unga mwingi wa nafaka kwa mkupuo mmoja. Asidi huzidi katika tumbo la kucheulia, na madhara yake hushuka hadi kwenye nyama laini iliyo ndani ya ukwato.

Kinga yake si ghali. Sakafu iwe kavu na isiteleze, na mahali pa kulala pawe na mchanga, nyasi kavu au maranda. Unga uongezwe kidogo kidogo, na majani makavu yasikosekane. Kwato zikaguliwe mara kwa mara na kupunguzwa na mtu aliyefunzwa, yapata mara mbili kwa mwaka. Miguu iliyokwisha kuoshwa yaweza kupitishwa katika maji ya mrututu, kilo 1 kwa lita 20, mradi mnyama asiyanywe wala yasimwagwe karibu na kijito. Kidonda kikishatokea, aitwe daktari wa mifugo.

Kutambua dalili mapema hakuhitaji hata senti moja. Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani walichapisha kipimo cha alama 1 hadi 5 kinachotegemea mgongo na mwendo wa ng'ombe. Mwenye alama 1 mgongo wake umenyooka asimamapo na atembeapo. Mwenye alama 2 amenyooka asimamapo, lakini hujikunja atembeapo. Mwenye alama 3 amejikunja katika hali zote mbili. Mwanafunzi yeyote mwenye macho aweza kuifanya kazi hii asubuhi kabla ya kwenda shule.

Sasa nirudi kwenye isimu. Nimewafundisha vijana waliotoka Wote na Mwingi ambao huzitaja sehemu za ukwato kwa Kiingereza bila kusita, kwa sababu walizikariri kwa ajili ya mtihani. Nikiwaomba wamweleze nyanya yao jambo hilo hilo, hukaa kimya. Elimu ya namna hiyo huishia katika karatasi ya mtihani, ilhali ng'ombe yuko zizini na nyanya ndiye amkamaye. Wala si kwamba lugha yetu ni maskini. Tunayo maneno ukwato, kuchechemea na kwenda chopi, na mrututu ni neno lililomo katika kamusi zetu.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ikazikabidhi kaunti kazi ya ufugaji na huduma za mifugo. Basi maagizo ya maafisa wa mifugo yaandikwe kwa Kiswahili na kusemwa kwa Kikamba. Walimu wa Kilimo na wa Kiswahili washirikiane: mmoja awapeleke wanafunzi zizini, mwenziwe awaandikishe orodha ya istilahi kutoka vinywani mwa wafugaji wenyewe. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko huko huko Kitui, chaweza kuzikusanya orodha hizo na kuzisanifu.

Maarifa ya kuwaokoa ng'ombe hawa yamekuwapo kwa miaka mingi. Kilichobaki ni kuyatia katika lugha ya mtu anayeamka alfajiri kwenda kukama.