Kwa Nini Gari la Dizeli Hukataa Kuwaka?

Ni alfajiri ya baridi Manyamanyama, Bunda. Dereva wa pikapu kuukuu anazungusha stata. Injini yawaka, yakohoa, kisha yazimika. Samaki aliowapakia hawasubiri. Je, alaumu betri?

Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mwaka 1897, haina plagi za cheche. Pistoni hugandamiza hewa hadi ipate joto linalozidi sentigredi 500, na dizeli inayopulizwa humo huwaka yenyewe. Basi yahitajiwa mambo mawili: joto na mafuta.

Moshi ndio shahidi. Stata ikizunguka vizuri pasipo moshi, mafuta hayafiki. Moshi mweupe kwa kawaida huonyesha kuwa mafuta yanafika bali joto ni haba: chunguza plagi za joto na mgandamizo.

Injini ikiwaka kisha ikazimika, shuku hewa iliyopenya katika mpira uliopasuka. Jaribuni darasani: jaza maji bomba la sindano lisilo na sindano, ziba mdomo wake, usukume. Halisogei. Lijaze hewa, nalo litasogea. Vivyo hivyo, pampu ya gari ikiminya hewa haipati nguvu ya kufungua nozeli.

Dawa yake ni kubadilisha mpira, kulegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye chujio, na kupiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kisha kukaza.

Anayeng'ang'ania stata huimaliza betri, akanunua nyingine, na hewa ingali imo.