Bei ya Kinyago (Sehemu ya Tatu): Saa za Fundi, Mali Kauli na Bei ya Mwisho

Sehemu mbili zilizotangulia za mfululizo huu zilishughulikia mti wenyewe na namna ya kuuchonga. Sehemu hii inageukia jambo ambalo mafundi wengi huliacha liamuliwe na mnunuzi, nalo ni bei. Katika vibanda vya Mwenge jijini Dar es Salaam, kama ilivyo katika karakana za Changamwe na Wamunyu nchini Kenya, fundi akiulizwa kinyago kimemgharimu kiasi gani, mara nyingi hutaja kwanza bei ya gogo, kwa kuwa gogo ndilo lililotoa fedha taslimu mfukoni, ilhali siku tatu alizokaa chini amelibana kwa miguu, tezo ikipanda na kushuka, hazina risiti. Kwa hesabu ya namna hiyo fundi anaweza kuuza kila siku, akaonekana ana shughuli nyingi, na bado mwisho wa mwezi akalazimika kukopa fedha za gogo jingine.

Chukuliwe mfano wa kinyago cha mtindo wa ujamaa, yaani ule mnara wa watu waliopandana mabegani na kushikamana, chenye urefu wa sentimita 30, kilichochongwa kwa mpingo. Tarakimu zitakazotumika hapa ni za kielelezo tu, na kila fundi hana budi kuweka zake kulingana na soko lake, lakini njia ya kuzifikia ni ileile. Gogo lenyewe lihesabiwe kuwa limenunuliwa kwa shilingi 12,000, na kulifikisha kibandani shilingi 3,000. Jumla hiyo ya shilingi 15,000, hata hivyo, si gharama ya mti, kwa sababu mpingo haufichui yaliyo ndani mpaka uchongwe: kiini chake cheusi, kizito kiasi cha kuzama majini, kimezungukwa na tabaka jeupe ambalo mara nyingi hutupwa, na ndani ya kiini hicho mna nyufa, mashimo na mafundo ambayo hujitokeza pale tu tezo inapoyafikia. Ikiwa katika magogo 10 mawili huharibika, yale manane yaliyosalimika ndiyo yatakayolipia yote 10, hivyo kila gogo zima limegharimu shilingi 18,750. Fundi anayeyachukulia magogo mawili yaliyopasuka kuwa ni bahati mbaya, badala ya kuyaingiza katika hesabu, huwa amemzawadia mnunuzi tofauti hiyo bila mwenyewe kujua.

Kuna pia suala la kukausha. Mti mbichi huchongeka kwa urahisi, na ndiyo maana wengi huupendelea, lakini kinyago cha mti mbichi kikifikishwa katika nyumba za Ulaya zinazopashwa moto wakati wa baridi hupasuka, na mwenye duka aliyekiagiza haagizi tena. Magogo yaliyopakwa nta kwenye ncha zake na kulazwa kivulini kwa miezi kadhaa hupunguza hasara hiyo, ila fedha zilizoyanunua nazo zimelala kivulini humo humo, na mwenye mtaji mdogo huumia zaidi kwa kusubiri huko kuliko kwa bei ya mti.

Gharama kubwa kuliko zote ni kazi ya mikono, nayo ndiyo inayokosewa zaidi. Njia nyepesi ni kuanzia nyumbani na si sokoni: fundi ajiulize kaya yake inahitaji kiasi gani kwa mwezi, kisha agawe kiasi hicho kwa saa anazochonga kweli. Ikiwa mahitaji ni shilingi 400,000, na fundi hufika kibandani siku 26 kwa mwezi na kukaa hapo saa tisa kila siku, ataona ana saa 234, na kwamba kila saa inadai kiasi cha shilingi 1,700. Hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu katika saa hizo tisa zimo za kufuatilia magogo, kunoa tezo na patasi, kungoja umeme urudi na kuzungumza na wageni wanaotazama bila kununua. Kama saa za kuchonga ni sita tu, mwezi una saa 156, na kila moja inadai takriban shilingi 2,600. Kinyago cha saa 20 hubeba basi shilingi 52,000 za kazi, wala si 34,000. Mafundi wenye mkono mwepesi huona aibu kuhesabu saa, wakidhani kwamba anayemaliza mapema anastahili kidogo. Ukweli ni kwamba wepesi huo ulilipiwa kwa miaka ya kuharibu miti, na si haki upunguziwe thamani kwa sababu tu sasa umekamilika.

Msasa, nta na kiwi, yaani ile rangi ya viatu inayotumiwa kung'arishia, zihesabiwe shilingi 3,000. Kinachobaki ni uchakavu, neno ambalo wahasibu hulitumia kwa thamani inayopotea chombo kinapotumika, pamoja na kodi ya kibanda na umeme: vyote vikifika shilingi 78,000 kwa mwezi, kila saa ya kuchonga hubeba shilingi 500, na kinyago hiki shilingi 10,000. Gharama kamili inakuwa shilingi 83,750, na hadi hapa bado hakuna faida, kwa maana ujira wa fundi ni gharama kama gharama nyingine. Faida ni kile kinachozidi baada ya fundi kujilipa, ambacho ndicho kinachonunua magogo ya msimu ujao na kuvumilia miezi ya masika watalii wanapopungua.

Hapa pana kosa la hesabu linalowanasa hata wafanyabiashara wazoefu. Fundi akiongeza asilimia 20 juu ya gharama, bei inafika shilingi 100,500 na faida ni shilingi 16,750, lakini faida hiyo ni sudusi tu ya bei, yaani asilimia 16 na ushei. Akija mnunuzi akaomba apunguziwe asilimia 20, na fundi akakubali kwa kudhani kwamba anaachia faida yake yote na kubaki na gharama, atauza kwa shilingi 80,400, chini ya gharama kwa zaidi ya shilingi 3,000. Nyongeza hupimwa kwa gharama na punguzo hupimwa kwa bei, na kwa kuwa bei ni kubwa kuliko gharama, asilimia zilezile hutoa zaidi ya zilivyoingiza.

Bei iliyopatikana hivyo ni bei ya jumla, ile anayopewa mwenye duka. Malalamiko dhidi ya wenye maduka ni ya zamani, na mafundi wakikuta kinyago cha 100,500 kimewekwa dirishani kwa 200,000 huona wameibiwa. Mara nyingi si wizi. Tofauti hiyo hulipia kodi ya mahali penye wageni, mshahara wa muuzaji, kamisheni ya dereva aliyeleta basi la watalii, na vinyago vinavyokaa rafuni mwaka mzima vikikusanya vumbi. Fundi anayeuza mwenyewe huzibeba gharama hizo zote, na kwa hiyo anapaswa kuuza rejareja kwa bei inayokaribia ya dukani. Akiuza kibandani kwa 110,000 kile ambacho mteja wake mkubwa anauza kwa 200,000, huwa ameugeuka mkono unaomlisha, na duka hilo halitakawia kutafuta fundi mwingine.

Penye dhuluma ya kweli ni katika mali kauli, utaratibu ambao bidhaa huchukuliwa leo kwa ahadi ya kulipwa itakapouzwa. Mwenye duka anayechukua vinyago kwa mali kauli hana hatari yoyote: kikiuzwa analipa, kisipouzwa anarudisha, na kikivunjika hutokea ubishi. Fundi ndiye aliyemkopesha, tena bila riba. Haifai kuukataa utaratibu huu moja kwa moja, kwa kuwa bila huo kazi nyingi zisingefika dirishani, ila bei ya mali kauli lazima iwe juu ya bei ya taslimu, na siku ya kulipa au kurudisha iandikwe kwenye karatasi yenye saini mbili. Chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba, kilichoanzishwa Changamwe mwaka 1963, kilionyesha njia nyingine, ya wachongaji kuwa na ukumbi wao wa mauzo ambamo kazi huwekwa kwa bei iliyoandikwa, hivyo jirani hamtoi mwenzake sokoni kwa kushusha bei mlangoni.

Bei iliyoandikwa haiui kupatana. Mnunuzi ataendelea kuuliza bei ya mwisho, na asubuhi ataomba apewe punguzo kwa kisingizio cha kufungua biashara. Muhimu ni fundi aijue bei ya mwisho kabla ya mgeni kuingia, na kwa kinyago hiki haishuki chini ya 83,750. Tabia ya kuanzia mara tano ya bei ili kushushwa taratibu huwafukuza wanunuzi wazito, ambao hutambua haraka kwamba tarakimu hazina msingi, kama wanavyotambua kinyago cha mti mwepesi kilichopakwa kiwi na kuitwa mpingo wanapokibeba mkononi na kusugua kitako chake kwa kitambaa chenye maji.

Juu ya gharama na faida huongezeka kitu kisichohesabika kwa saa, nacho ni ubunifu. Miaka ya 1950 mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam alinunua na kuhimiza kazi za Wamakonde waliothubutu kuacha sura zilizozoeleka, miongoni mwao Samaki Likankoa, anayehesabiwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani. Kazi ya kwanza ya aina yake haina mfano wa kushindanishwa nayo. Nakala ya mia ina mifano 99, na bei yake huvutwa chini na vibanda vyote vya jirani. Fundi anayechonga twiga walewale wa jirani yake hawezi kudai bei ya jina, hata mkono wake uwe bora.

Anayelenga soko la nje aongeze gharama moja zaidi. Tangu tarehe 2 Januari 2017 karibu jamii yote ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, imeorodheshwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, ingawa marekebisho ya mwaka 2019 yaliondoa sharti la kibali kwa bidhaa zilizokamilika ambazo mti wake hauzidi kilo 10 kwa shehena. Mzigo unaozidi hapo hudai kibali, na kwa kuwa kibali kimoja hutosha kwa shehena nzima, gharama yake kwa kila kinyago hutegemea vinyago vingapi vimo ndani ya sanduku. Namna ya kufungasha sanduku hilo, na nani alipe kinyago kikivunjika njiani, ni mambo ya sehemu ya nne.