Bakora Mkono Gani?

Shangazi yangu anaishi Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wa tatu nyonga yake ya kushoto inamsumbua. Mwanawe aliyeko Muscat alimletea kiunzi cha kutembelea, kile cha chuma chenye miguu minne ambacho wengi hukiita woka. Chepesi, kinang'aa. Nilipokwenda kumjulia hali nilikikuta chumbani kimeanikwa kanga. Mwenyewe alikuwa kasimama mlangoni, kaegemea mwavuli alioushika kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, shangazi. Kile kiunzi hukitaki?"

"Marahaba, mwanangu. Kidude kile kinataka sakafu ya Muscat. Mie nikitoka hapa nakanyaga mchanga."

Kuhusu mchanga alisema kweli. Kuhusu mkono wa kushoto alikosea, na hukosea hivyo watu wengi mno: mguu wa kushoto ukiuma, akili inakwambia uweke nguzo kushoto.

Tazama mwili unavyotembea. Katika kila hatua kuna kitambo ambapo umesimama kwa mguu mmoja, na uzito wako unataka kuangukia upande ule ambao mguu uko hewani. Kinachouzuia ni misuli iliyo ubavuni mwa nyonga uliyoisimamia. Ni mambo ya mzegazega, ule mti wa begani wenye mzigo kila upande: nyonga ndiyo bega, uzito wa mwili ni mzigo wa upande mmoja, misuli ni mzigo wa upande wa pili. Tatizo ni kwamba mti haukuwekwa katikati. Uzito wa mwili uko kama sentimita 10 kutoka kwenye nyonga, misuli iko kama sentimita 5 tu. Mchukuzi yeyote anajua kitakachofuata: upande mfupi lazima uvute maradufu.

Tuseme mtu ana kilo 60. Ukiondoa mguu unaomsimamisha, nyonga inabeba kama kilo 50. Misuli itavuta kwa nguvu ya kilo 100 ili asipinduke, na kiungo kilicho katikati kitabanwa na vyote viwili, kilo 150. Sasa mpe bakora mkono wa upande wa mguu mzima, ulio umbali wa sentimita 40 hivi kutoka nyonga mbovu, aisukume chini kwa kilo 5 tu. Kwa urefu wa mti huo, kilo 5 zinapunguza kazi ya misuli hadi kilo 60, na nyonga inabaki na kilo 105. Amesukuma tano, ametuliwa arobaini na tano. Akiihamishia bakora upande wa mguu mbovu, faida hiyo ya wenzo inapotea, na itambidi aiegemee kwa nguvu nyingi ndipo apate nafuu.

Hiyo ni hesabu ya karatasi. Watafiti wa Ujerumani waliopima kwa vifaa vilivyotiwa ndani ya nyonga za bandia walikuta nafuu iliyo ndogo kuliko hiyo, ila ipo. Daktari wa mifupa wa Marekani, Walter Blount, aliliandikia makala jambo hili mwaka 1956, akiwasihi watu wasiitupe bakora yao. Aibu ya kuonekana na bakora haikuanza kwetu. Na ni aibu ya ajabu, maana pwani hii bakora ilikuwa sehemu ya mavazi ya mtu wa heshima, pamoja na kanzu na kofia. Ikiitwa mkongojo ndipo watu wanapoikimbilia miavuli.

Lakini bakora ina kazi nyingine isiyohusu kubeba chochote. Mwaka 1994, John Jeka na James Lackner waliwasimamisha watu katika mkao mgumu wa kuyumba, wakawaacha waguse kitu imara kwa ncha ya kidole, kwa kani isiyofika nyutoni moja, yaani chini ya uzito wa gramu 100. Mguso huo hauwezi kumzuia mtu asianguke, lakini kuyumba kulipungua sana, kwa kuwa kidole kiliuambia ubongo mwili unaelekea wapi. Baadaye ilionekana kwamba hata mguso kupitia fimbo unasaidia. Ndiyo maana mzee ambaye macho yake yamefifia, au nyayo zimekufa ganzi kwa kisukari, hutulia akiwa na bakora hata kama haiegemei.

Mwavuli haufai kuegemewa. Ncha yake ya chuma huteleza kwenye sementi, na urefu wake haukupimwa kwa mtu. Kipimo chenyewe hakihitaji fundi: vaa viatu vyako vya kila siku, simama wima, acha mikono ining'inie. Mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, ili ukiushika kiwiko kikunjike kidogo. Bakora ndefu hupandisha bega, fupi huinamisha mgongo. Ya mti hukatwa kidogo kidogo, kisha huvalishwa mpira chini, na mpira huo ukilika hubadilishwa kama tairi.

Bakora ya vikucha vinne nayo huwadanganya wanunuzi. Husimama yenyewe, na humfaa aliyepooza upande mmoja, mradi sakafu iwe sawa. Nje ni kama meza kwenye ua: mguu mmoja daima uko hewani. Magongo ya kwapani ni ya mguu usiotakiwa kukanyaga kabisa, na uzito huenda kwenye viganja. Kati ya kwapa na gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, la sivyo mshipa wa fahamu hubanwa na mkono hulegea. Kiunzi ni cha mwenye udhaifu wa miguu yote miwili, ndani ya nyumba yenye milango mipana. Na anayeanza kupepesuka ghafla, au kulegea upande mmoja, aende hospitali siku hiyo hiyo, si dukani.

Seremala wa jirani alimkatia shangazi bakora ya mti. Tukafanya mazoezi kwenye ngazi tatu za baraza: kupanda, mguu mzima unatangulia kwa sababu ndio unaoinua mwili, kushuka, mguu mbovu unatangulia pamoja na bakora, kwa sababu kazi ya kuushusha mwili polepole hufanywa na mguu uliobaki juu.

Alishuka, akasimama mchangani, bakora mkono wa kulia.

"Haya. Na kikapu cha sokoni?"

"Kushoto, shangazi."

"Upande unaouma?"

Nikamkumbusha mzegazega. Mzigo ukiwa upande wa misuli, unaisaidia kuvuta. Ukiwa upande wa pili, unaiongezea kazi. Ila usiwe mzito. Akaniangalia kwa muda, akachukua kikapu kwa mkono wa kushoto, akaenda nacho hadi kwenye kona na kurudi.

"Nyanya tu leo," akasema. "Nazi utabeba wewe."