Mgeni katika Muziki wa Chuma Kizito: Aanzie Wapi?

Kuuliza si ujinga. Ndivyo walivyotuusia wazee wetu, na usia huo wafaa shambani, darasani, na hata katika mambo ya burudani. Lakini yapo maswali ambayo kijana huona haya kuyatamka mbele ya wenzake kwa kuchelea kuchekwa. Mojawapo ni swali la yule aliyesikia wimbo mmoja wa hevi metali, yaani muziki wa chuma kizito, moyo wake ukavutwa, akawaendea waliomtangulia na kusema: "Jamani, nimeupenda muziki huu lakini siujui. Nianze kusikiliza nini?"

Mara nyingi majibu anayopewa humchanganya badala ya kumwongoza. Huyu humtajia bendi ishirini kwa pumzi moja. Yule humpa santuri yenye makelele kupita zote, kana kwamba anampima ushupavu. Wa tatu humcheka kwa kuwa hajui majina ya wapigaji. Baada ya juma moja mgeni hukata tamaa, akarudi kwenye muziki aliouzoea, na wenyeji wakabaki wakilalamika kwamba muziki wao haueleweki. Makala haya yanakusudia kumpa mgeni huyo njia iliyonyooka: santuri tano, kwa utaratibu wake, na sababu ya kila moja.

CHIMBUKO NI KIWANDANI

Hapana budi kuanza na Birmingham, mji wa viwanda nchini Uingereza. Huko, katika mtaa wa Aston, walikulia vijana wanne, wana wa wafanyakazi: Tony Iommi mcharaza gitaa, Geezer Butler wa gitaa la besi, Bill Ward mpiga ngoma, na Ozzy Osbourne mwimbaji. Mwaka 1968 waliunda bendi ambayo baadaye iliitwa Black Sabbath.

Kisa cha Iommi chastahili kusimuliwa, kwa maana ndani yake imo siri ya muziki wenyewe. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini, siku aliyokusudia kuaga ili akapige muziki, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kuume, cha kati na cha pete. Iommi ni mtu wa shoto, na mkono huo ndio aliokuwa akibania nyuzi. Akaambiwa kwamba hatapiga gitaa tena.

Msimamizi wake kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, bingwa wa gitaa la jazi, ambaye mkono wake wa kushoto uliunguzwa na moto mwaka 1928, akaendelea kucharaza kwa vidole viwili vilivyobaki vizima. Iommi aliposikia hayo, alitwaa chupa ya plastiki, akaiyeyusha, akajitengenezea vikofia vya vidole na kuvivika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba zisizomuumiza, na baadaye akazilegeza ili zibanike kwa urahisi. Nyuzi zilizolegezwa hutoa sauti ya chini, nzito, yenye kutisha kidogo. Sauti hiyo, iliyozaliwa na jeraha la mfanyakazi, ndiyo msingi ambao wengine wote wamejenga juu yake.

Santuri yao ya kwanza, yenye jina la bendi yenyewe, ilirekodiwa kwa siku moja tu mwaka 1969 na kutolewa Februari 1970. Hata hivyo mgeni na aanze na ile ya pili, "Paranoid", iliyotoka mwaka huo huo. Asikilize jinsi Iommi anavyotunga fungu la noti chache, akalirudia na kulirudia mpaka likawa kama nguzo ya nyumba. Mwenye kulitambua fungu hilo ameshika ufunguo wa metali yote.

Santuri hiyo yafunguliwa na "War Pigs", wimbo ulioandikwa wakati vita vya Vietnam vikiendelea. Wasiousikiliza kwa makini hudhani kwamba unashangilia umwagaji wa damu. La, hasha! Unawashutumu wakubwa waanzishao vita na kujificha, huku maskini wakipelekwa kufa. Bendi ilikusudia kuiita santuri nzima kwa jina la wimbo huo, kampuni ya santuri ikakataa, lakini mtu mwenye upanga na ngao aliyekwisha kupigwa picha akabaki kwenye jalada.

CHUMA KINAPIGWA MSASA

Santuri ya pili ni "British Steel" ya Judas Priest, iliyotolewa mwaka 1980. Bendi hii nayo ni ya Birmingham. Wao waliuondoa muziki huu katika mwendo wa kukokota, wakausafisha na kuufanya mkali kama wembe. Magitaa yao ni mawili, yanayojibizana na kisha kupatana, na sauti ya mwimbaji Rob Halford hupanda mpaka mtu akajiuliza atashukia wapi. Katika kurekodi walivunja chupa za maziwa na kutikisa sinia la vijiko na visu ili kupata mlio wa vyuma vitembeavyo. Wimbo wao "Breaking the Law" wamhusu kijana asiye na kazi aliyekata tamaa, jambo ambalo msomaji wa nchi yoyote atalielewa bila mkalimani.

Ya tatu ni "Ace of Spades" ya Motörhead, ya mwaka huo huo wa 1980. Watu hao walikuwa watatu tu, wakiongozwa na Lemmy Kilmister, aliyefariki Desemba 2015. Lemmy alilipiga gitaa la besi kana kwamba ni gitaa la rithimu, akakusanya nyuzi pamoja na kuziunguruma. Mwenyewe hakupenda kuitwa mtu wa metali. Alisema anapiga rokenroli. Mgeni na aisikilize santuri hii apate kujua mwendo kasi ulitoka wapi.

Ya nne ni "Piece of Mind" ya Iron Maiden, iliyotoka mwaka 1983. Bendi hii iliundwa London mwaka 1975 na mpiga besi Steve Harris, na nyimbo zake nyingi ni masimulizi ya historia na vitabu. Humo umo "The Trooper", wenye habari za shambulio la askari wapanda farasi wa Kiingereza huko Balaclava, katika vita vya Crimea, mwaka 1854. Kwa sababu ya amri isiyoeleweka vizuri, askari hao walikwenda kuikabili mizinga ya Warusi uso kwa uso, na wengi hawakurudi. Gitaa la wimbo huo lakimbia kama kwato, na anayesimulia ni askari wa kawaida, siye jemadari.

Ya tano ni "Master of Puppets" ya Metallica, bendi ya Marekani iliyoundwa mwaka 1981. Walichukua uzito wa Birmingham na kasi ya Motörhead, wakavichanganya. Santuri ilitoka Machi 1986. Septemba mwaka huo mpiga besi wao, Cliff Burton, akafa katika ajali ya basi nchini Sweden. Humo umo "Disposable Heroes", wimbo wa kijana anayetumwa vitani kama kitu cha kutupwa. Mgeni akiisha kuuelewa, aendelee na "One" wa mwaka 1988, unaosimulia habari za askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliyepoteza mikono, miguu, macho na masikio, akabaki na akili yake tu. Waanza kwa upole mtupu, na wamalizika kwa ngoma zinazorindima kama bunduki ya rashasha. Mtu aliyewahi kutembelea wodi ya majeruhi hawezi kuusikiliza akatoka vile vile alivyoingia.

LAWAMA NA MAJIBU YAKE

Wazazi wengi huuogopa muziki huu, na hofu yao haifai kudharauliwa. Umeshitakiwa kwamba unaabudu shetani na kupotosha vijana. Mwaka 1990, huko Nevada, Marekani, Judas Priest walifikishwa mahakamani kwa madai kwamba maneno yaliyofichwa katika wimbo mmoja yaliwasukuma vijana wawili kujipiga risasi. Jaji hakuyakubali madai hayo. Kwa mzazi na kijana vile vile, shauri jema ni moja: yasomwe maneno ya wimbo kabla ya kuuhukumu. Yamo ya kipuuzi, hatukatai. Lakini yamo pia maonyo dhidi ya vita, ulevi na dhuluma.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Miaka ile ile Black Sabbath walipokuwa wakivuma, vijana wa Zambia, nchi ya migodi ya shaba, walikuwa wakipiga roki yao wenyewe yenye magitaa ya kukwaruza. Bendi ya WITCH, yenye mwimbaji Emmanuel "Jagari" Chanda, ndiyo mashuhuri zaidi. Botswana inao mashabiki wavaao ngozi nyeusi kama wachunga ng'ombe wa sinema. Na mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi wajiitao Duma, neno la Kikuyu lenye maana ya giza, walitoa albamu yao kwa kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hiyo ni kali mno; mgeni aiweke kwanza, aje kuirudia atakapokuwa amekomaa masikio.

NENO KWA MGENI NA KWA MWENYEJI

Mgeni asikilize santuri moja kwa juma zima, tangu mwanzo hadi mwisho, si kurukaruka. Mara ya kwanza afuate ngoma, mara ya pili gitaa la besi, mara ya tatu maneno. Lisilompendeza asijilazimishe kulipenda ili aonekane shujaa.

Wenyeji nao wakumbuke jambo moja. Tarehe 5 Julai 2025, wale wanne wa Aston walikutana tena jukwaani katika uwanja wa Villa Park, mtaani kwao. Osbourne, mgonjwa asiyeweza kusimama, aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi. Kabla yao walipiga Metallica na bendi nyingine nyingi, kila moja ikiimba pia wimbo wa wazee hao. Siku 17 baadaye Osbourne akafariki dunia. Wale waliokuwa wakimwimbia nao walikuwa wageni siku moja, vijana wasiojua lolote, na wakapata mtu wa kuwaambia waanzie wapi.

Kwa hiyo kijana akija na swali lake, asichekwe. Apewe kiti, awekewe santuri, aachwe asikilize. Mgeni njoo, mwenyeji apone.